Kabla hujamnywesha mbwa wako chai ya mitishamba

Mtoto wa mbwa aliacha kula Jumamosi jioni. Kufika Jumapili asubuhi alikuwa amelala pembeni ya karo nyuma ya nyumba, anatapika povu la njano, na mwenzake waliyezaliwa pamoja naye alikuwa ameanza kukataa chakula. Walikuwa na umri wa wiki 11. Walikuwa wameletwa katika nyumba hiyo ya Kimara, Dar es Salaam, kwa ajili ya ulinzi, lakini tangu siku ya kwanza walikuwa mali ya mtoto wa miaka minane, aliyewapa majina ya wachezaji anaowapenda na kuwafichia vipande vya nyama mfukoni mwa kaptula ya shule.

Bibi wa mtoto huyo, aliyekuwa amekuja kutoka Lushoto kwa matibabu ya macho, hakuwa na wasiwasi. Amefuga kuku na mbuzi tangu ujana wake, na kuku wake huwawekea shubiri kwenye maji ya kunywa kila ugonjwa unapopita kijijini. Aliagiza majani ya mwarobaini kwa jirani, akakata kipande cha shubiri kilichokuwa kwenye kopo barazani, akaongeza punje kadhaa za kitunguu saumu, akachemsha. Chai ilipopoa ikatiwa kwenye chupa ya soda. Mama akashika taya, mtoto akashika miguu, bibi akamimina. Nusu kikombe asubuhi, nusu kikombe jioni.

Jumatatu alfajiri yule wa kwanza alikutwa amekufa. Wa pili aliwekwa kwenye beseni, mama akapanda naye bajaji hadi kliniki ya mifugo.

Kuna nyumba nyingi ambazo zingefanya hivyohivyo. Mtoto akikohoa anapewa tangawizi na asali, baba akijaa gesi anapewa mchaichai, kwa hiyo mbwa akiugua mkono unakwenda kwenye sufuria ileile. Siku hizi kuna na wauzaji wa virutubisho vya unga na majani ya chai ambao hudai bidhaa moja inafaa familia nzima “pamoja na mifugo”. Bei ni ndogo kuliko ya daktari, na kitu kikiwa cha asili huonekana hakina madhara.

Daktari wa mifugo aliyempokea yule mtoto wa mbwa hakumgombeza mama. Aliuliza maswali matatu tu: amechanjwa, amekunywa nini, na kinyesi chake kina rangi gani. Kuhusu chanjo, mama alisema muuzaji aliwaambia “wameshachomwa zote”, ila kadi hakuwapa. Kinyesi kilikuwa na damu na harufu kali isiyosahaulika. Kipimo kilionyesha virusi vya parvo.

Parvo huwashambulia zaidi watoto wa mbwa wa kati ya wiki sita na miezi sita. Virusi hivi huharibu ngozi laini ya ndani ya utumbo, ile inayofyonza chakula na kuzuia bakteria wasiingie kwenye damu, na wakati huohuo hushusha chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Mnyama hutapika, huhara damu, hukauka maji mwilini, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu tangu dalili zianze. Asipotibiwa, wengi hufa. Akitibiwa mapema, wengi hupona. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe. Tiba ni dripu ya maji na chumvi, dawa ya kuzuia kutapika, na antibaotiki za kuzuia bakteria walioingia kupitia utumbo uliochubuka, ili mwili upate muda wa kujitengenezea kinga.

Tazama sasa kilichokuwa ndani ya ile chupa ya soda.

Utomvu wa njano ulio chini ya ganda la shubiri una kemikali zinazousukuma utumbo. Ndiyo maana watu huutumia kama dawa ya kulainisha choo. Mtoto wa mbwa aliyekuwa tayari anapoteza maji kwa kuhara aliongezewa kitu cha kumharisha. Kitunguu saumu nacho, sawa na kitunguu maji, kina kemikali zinazozivunja chembe nyekundu za damu za mbwa, kiwe kibichi, kimepikwa, kimekaushwa au kimesagwa kuwa unga. Kwa uzito uleule, kitunguu saumu kina nguvu zaidi ya kile cha maji. Dalili zake hazionekani papo hapo: baada ya siku kadhaa ndipo mbwa hulegea, ufizi hupauka na mkojo huwa wa rangi nyeusi au kahawia. Mtoto wa mbwa anayetoa damu kwenye kinyesi hana chembe nyekundu za kuchezea.

Na mwarobaini? Una historia ndefu ya kutumika kwa wanadamu na wanyama, hasa kwa kupaka na kufukuza wadudu. Lakini hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kumnywesha mbwa mdogo kiasi hicho, na mafuta ya mbegu zake yameshawahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa kwa mdomo. Kumwambia mzazi “weka majani machache” si kipimo.

Halafu kuna kitendo chenyewe cha kumimina. Mnyama dhaifu anayetapika hawezi kumeza vizuri. Kimiminika kikilazimishwa mdomoni huweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu juu ya ugonjwa alio nao. Hata maji matupu yanaweza kufanya hivyo.

Kubwa kuliko yote hayo ni zile saa zilizopita kati ya Jumapili asubuhi na Jumatatu alfajiri. Kwa parvo, muda huo ni mrefu sana.

Uzito wa mnyama, na ini lake

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba kinachomfaa binadamu hakiwezi kumdhuru mbwa. Hesabu ya kawaida inaipinga. Kikombe alichozoea mtu mzima wa kilo 65, akipewa mtoto wa mbwa wa kilo tano, ni sawa na mtu huyo kunywa vikombe 13 kwa mpigo. Nusu kikombe ni sita na nusu.

Zaidi ya uzito, ini la mbwa halifanyi kazi sawasawa na la mtu. Mbwa hukosa baadhi ya vimeng'enya ambavyo binadamu hutumia kubadili kemikali ili zitoke mwilini. Mfano unaofahamika ni theobromini, iliyomo kwenye kakao na chokoleti: mwili wa mbwa huchukua takriban saa 17 na nusu kuondoa nusu yake tu, muda mrefu kuliko wetu. Inajikusanya.

Kafeini iko kwenye kundi hilohilo, na hapa ndipo chai ya kawaida inapoingia. Familia nyingi humwagia mbwa mabaki ya chai ya asubuhi pamoja na vipande vya mkate. Kikombe kimoja cha chai ya rangi huwa na kafeini ya takriban miligramu 40 hadi 50. Kwa mbwa, kutotulia, kutapika na kiu huanza kuonekana kwenye kiasi cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Moyo kwenda mbio hufuata kwenye 40 hadi 50, na degedege kwenye 60 hivi. Kwa hiyo mbwa mkubwa wa kilo 25 aliyelamba chai iliyobaki kwenye kikombe hatakufa, na mzazi hana haja ya kukimbia naye usiku. Ila mtoto wa kilo tano aliyefukua pipa la taka na kumeza majani ya chai, mifuko yake, au unga wa kahawa, huyo apelekwe kwa daktari. Chai ya kijani inayouzwa kwa ajili ya kupunguza unene ina kafeini pia, na unga wake uliokolezwa ni hatari zaidi kuliko chai yenyewe.

Soma pia kibandiko cha bidhaa isiyo na sukari. Utamu unaoitwa zailitoli, unaowekwa kwenye baadhi ya bazoka, dawa za meno na virutubisho, hauna shida kwa watu lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na unaweza kuua ini. Mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke, kama ya mkaratusi na yale yanayoitwa ya mti wa chai, hayafai kabisa kunyweshwa wala kupakwa mbwa bila kuyachanganya, hata kama muuzaji anasema yanafukuza kupe.

Vidonge vya nyumbani havina tofauti. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni vimeshatoboa matumbo na kuharibu ini au figo za mbwa waliopewa kwa nia njema.

Je, mitishamba yote itupwe? Hapana, na hapo bibi wa Lushoto ana haki yake. Ujuzi wa kutibu mifugo kwa mimea ni wa kweli, na dawa kadhaa za hospitali zilianzia kwenye majani na magome. Tangawizi kidogo hutumiwa na baadhi ya madaktari wa mifugo kwa mbwa anayetapika akipanda gari. Kamomile kidogo kwa mbwa mzima mwenye afya kwa kawaida haina neno, ingawa nyingi na ya muda mrefu inaweza kumletea kutapika na kutokwa damu. Mchaichai unaweza kumvuruga tumbo. Mlonge una virutubisho vizuri, lakini utafiti uliofanywa kwa mbwa ni mdogo kuliko sifa unazopewa sokoni. Miongoni mwa virutubisho, mafuta ya samaki ndiyo yenye ushahidi unaoeleweka, hasa kwa mbwa wazee wenye maumivu ya viungo.

Mbwa wengi wa ulinzi hapa nchini hawana upungufu wa chai. Wana upungufu wa protini, kwa sababu wanakula ugali na mchuzi wa jana. Dagaa waliochemshwa bila chumvi na bila kitunguu, wakachanganywa na huo ugali, pamoja na maji safi yanayobadilishwa kila siku, vitafanya zaidi ya paketi yoyote ya unga wa kijani. Na mbwa aliyekonda licha ya kula, mwenye manyoya yaliyokufa na tumbo lililotuna, mara nyingi ana minyoo.

Minyoo hiyo ni habari ya watoto wako, mzazi, kuliko ilivyo ya mbwa. Minyoo mviringo ya mbwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wake wangali tumboni, ndiyo maana watoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili hadi wafike wiki nane. Mayai yake hukaa kwenye udongo. Mtoto wa binadamu akichezea mchanga huo na kutia vidole mdomoni, viluwiluwi vya minyoo vinaweza kusafiri hadi kwenye ini, mapafu, hata jicho, na jicho hilo likapoteza uwezo wa kuona. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya miguu peku na kuchora mistari inayowasha. Familia inayomtegemea mbwa wake kwa mbegu za maboga na chai ya mwarobaini, bila dawa ya minyoo yenye kipimo kinacholingana na uzito wake, haina namna ya kujua kama mayai yameisha. Dawa hiyo inapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Nenda ukiwa umeshampima mbwa uzito: mbebe kwenye mizani ya nyumbani, kisha ujipime mwenyewe, utoe.

Kuna jambo moja ambalo daktari wa Kimara alilirudia mara mbili, na mama akasema alipolisikia miguu ilimlegea. Aliuliza ni nani aliyemfungua mdomo yule aliyekufa.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe anakimbiza watu barabarani. Wengine hunyamaza. Taya hulegea, mate hudondoka, anashindwa kumeza, na mwenye mbwa hudhani ana mfupa kooni. Huingiza mkono autoe, au hufungua mdomo ammiminie dawa ya kienyeji. Mate hayo yakigusa mchubuko, jicho au mdomo wa mtu, virusi vimeingia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na takriban 40 kati ya kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona karibu hakupo. Kabla hazijaanza, chanjo inayotolewa kwa wakati inamwokoa.

Kwa hiyo mbwa ambaye hajachanjwa, anayetoka mate na kubadilika tabia, afungiwe bila kuguswa na ofisa mifugo wa kata aitwe. Asinyweshwe chochote. Aliyeng'atwa, kuchubuliwa au kulambwa kwenye kidonda aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kisipakwe pilipili, majani, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Watoto waambiwe kwamba hawatagombezwa wakisema mbwa amewang'ata, kwa sababu wengi huficha wakihofia mbwa wao atauawa au wao watachapwa.

Kwa upande wa Kimara, dalili zilikuwa za parvo na kipimo kilithibitisha, na parvo ya mbwa haiwapati watu. Lakini mikono ya watu watatu ilikuwa imeingia kwenye mdomo wa mnyama asiye na kadi ya chanjo, na mmoja wao alikuwa na miaka minane.

Namna ya kuongea na bibi

Katika nyumba nyingi ugumu haupo kwenye dawa, upo kwenye heshima. Mkwe atamwambiaje mama mkwe kwamba chai yake isitumike? Mama wa Kimara alikuwa amehofia parvo tangu Jumapili, kwa kuwa mbwa wa jirani alikufa hivyo mwaka uliopita, lakini alinyamaza. Alieleza baadaye kwamba hakutaka kuonekana amesoma kuliko wazee.

Kilichosaidia ni kwamba Jumanne alimchukua bibi wakaenda wote kumtazama yule aliyelazwa. Daktari alimwamkia, akamvutia kiti, akamwomba aeleze dawa yake mwanzo hadi mwisho. Akamsikiliza. Kisha akamweleza kwamba kuku na mbwa hawana tumbo moja, na kwamba kwa huyu mdogo shubiri iliongeza kuhara. Bibi alikaa kimya kidogo, akauliza, “Sasa mwanangu, yule mwingine ningemleta Jumapili angeishi?” Daktari alimjibu kwamba huenda angeishi, huenda asingeishi. Hakumdanganya kwa upande wowote.

Neno linalofaa kwa mkwe aliye kwenye hali hiyo ni dogo tu: “Mama, tumpigie daktari kwanza tumwulize kama hii inafaa.” Halikatai dawa, linaiwekea zamu. Simu ya daktari wa mifugo ikae kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani, kabla hakujaharibika. Na kama mbwa ameshanyweshwa kitu, daktari aambiwe ukweli wote, kiasi na saa, kwa sababu anayeficha kitunguu saumu anampotosha anayetafuta sababu ya damu kupungua.

Usisubiri kesho mtoto wa mbwa akikataa chakula na kutapika zaidi ya mara moja, akihara damu, ufizi ukipauka, au ukivuta ngozi ya shingo ikachelewa kurudi. Mbwa mzima anayetokwa damu puani na mwenye kupe wengi anahitaji kipimo cha damu, maana magonjwa ya kupe yana antibaotiki yake na hayasikii mvuke wa mkaratusi.

Yule wa pili alirudi nyumbani siku ya sita, amekonda, anakula kijiko kimoja kimoja cha wali na kuku aliyechemshwa. Sakafu ya banda ilisuguliwa kwa sabuni, kisha ikamwagiwa kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, ikaachwa dakika 10, kwa kuwa virusi vya parvo havifi kwa dawa nyingi za kudekia. Udongo wa uani hauwezi kusafishwa hivyo. Virusi hukaa humo miezi mingi, na familia imeambiwa isilete mtoto mwingine wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake, jambo ambalo mtoto hajalipenda.

Kadi mpya imebandikwa kwenye mlango wa friji. Kichaa cha mbwa alichanjwa alipotimiza wiki 12 na kupata nguvu. Chanjo ya mchanganyiko inarudiwa hadi afike wiki 16, kisha mwakani. Mtoto ndiye anayeweka alama ya vema kila tarehe inapopita. Bibi amesharudi Lushoto, na wiki iliyopita alipiga simu kuuliza ile chanjo ya matone ya kuku, ya kideri, inauzwa shilingi ngapi.